Usichague rangi ya nyumba kwa macho pekee

Majuma matatu yaliyopita niliandamana na binti yangu hadi duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Eldoret. Yeye na mumewe wamehamia nyumba ya kukodisha mtaani Kapsoya, nyumba ya zamani lakini imara, na kwa kuwa anatarajia mtoto wake wa kwanza, alitaka chumba kimoja kipakwe rangi kabla ya siku zake kutimia. Hakunipeleka huko ili nimpe ushauri. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba chumba hicho kitakuwa cha manjano, tena manjano ya kuwaka.

"Baba, hapa kwetu jua lenyewe ni la kubahatisha," aliniambia. "Acha mtoto apate lake ukutani."

Fundi tuliyekuwa naye alimuunga mkono. Alisema rangi ya mafuta ndiyo bora kwa chumba cha mtoto, maana ukuta ukichafuka unapanguswa kwa kitambaa na kazi imekwisha. Muuzaji akashusha mkebe kutoka rafu ya juu, akaupangusa vumbi na kuuweka mbele yetu. Hapo ndipo nilipouliza swali lililowafanya wateja wote wageuke.

"Kijana, rangi hii ina risasi?"

"Mzee," akanijibu huku akicheka, "hapa tunauza rangi. Risasi utazipata kwa askari."

Duka zima liliangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao kwa sababu mzaha ulikuwa mzuri. Hata hivyo, nilitoka pale nikiwa na fadhaa. Nilikuwa nimeuliza juu ya madini ya risasi, yale mazito ya kijivu yanayowekwa katika betri za magari. Kijana yule anauza rangi kila siku ya Mungu na hakuwa amewahi kuulizwa swali hilo. Wala simlaumu, kwani mimi mwenyewe nilipaka nyumba tatu katika maisha yangu pasi na kuuliza.

Nadhani lugha yetu imechangia kutupumbaza kidogo. Kiswahili kina neno moja tu, rangi, kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali: ile sura inayoonekana na jicho, yaani nyekundu, samawati au kijani, na ule uji mzito unaokorogwa mkebeni na kupakwa kwa brashi. Mtu akisema anachagua rangi ya nyumba, aghalabu huwa anachagua ile ya kwanza. Atasimama mbele ya karatasi ya vielelezo nusu saa nzima, akilinganisha malai na maziwa, aulize jirani, ampigie simu shemeji aliyesomea mambo ya urembo. Ile rangi ya pili, ambayo ndiyo mwanawe atakayoilamba, humwachia muuzaji.

Naam, kuilamba. Yeyote aliyelea mtoto anajua kwamba kiumbe wa miezi minane hujifunza dunia kwa mdomo. Akijifunza kusimama, kitu cha kwanza kinachomfaa kushika ni kizingiti cha dirisha au ukingo wa kitanda chake, na akishakishika hukitafuna. Rangi iliyozeeka hubanduka kwa vipande vidogo mithili ya magamba ya samaki, na ile yenye risasi ina ladha ya utamu. Hata pale isipobanduka kwa macho, dirisha linalofunguliwa na kufungwa kila siku husaga rangi ikawa vumbi, vumbi likashuka sakafuni, na sakafuni ndiko mtoto anakotambaa.

Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya ule wa mtu mzima, na ikiwa hana madini ya chuma au chokaa ya kutosha katika chakula, hufyonza zaidi ya hapo. Risasi huenda kwenye ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa kujifunza na kutulia, na huharibu damu na figo. Kinachobaki hujificha ndani ya mifupa na meno kwa miaka mingi. Mwanamke aliyeimeza akiwa msichana aweza kuitoa mifupani mwake siku za ujauzito na kumpa mtoto aliye tumboni, na mimba yenyewe ikawa hatarini.

Ubaya wa sumu hii ni ukimya wake. Mtoto haanguki wala hatapiki damu. Huenda akalalamika tumbo, akafunga choo, akawa mweupe wa viganja, mkali bila sababu. Huenda pia asionyeshe chochote, kisha mwalimu wa darasa la pili akamwita mzembe. Kipimo pekee cha kuaminika ni cha damu. Zipo dawa za kuiondoa risasi kwa mtoto aliyezidiwa, lakini hazirudishi kile ambacho ubongo umekwisha kupoteza.

Wala si habari mpya. Mnamo 1904 daktari mmoja wa Brisbane nchini Australia, Lockhart Gibson, aliandika kwamba watoto aliokuwa akiwatibu walikuwa wamepata sumu ya risasi kutoka kwa rangi ya kuta na varanda za nyumba zao. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia matumizi ya risasi nyeupe katika upakaji wa ndani ya majengo, kwa ajili ya kuwalinda mafundi. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Hesabu mwenyewe, msomaji, ni miaka mingapi kati ya onyo la yule daktari na marufuku hiyo, kisha ujiulize ni kuta ngapi zilizopakwa katikati.

Hapa Kenya tumewahi kuionja sumu hii kwa njia nyingine. Petroli yenye risasi iliondolewa katika vituo vyetu kufikia mwaka 2006. Kisha kukawa na mkasa wa Owino Uhuru kule Mombasa, kijiji kilichopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza vita vyake baada ya mwanawe mchanga kuugua na kupatikana na risasi mwilini. Alitunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mnamo Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa kwenda na kurudi, Mahakama ya Juu iliunga mkono fidia hiyo mnamo Desemba 2024. Nchi nzima ilisoma habari hizo na kuwahurumia watu wa Mombasa. Wachache waliinua macho kutazama kuta zao wenyewe.

Sheria haijalala kabisa. Kiwango kinachokubaliwa nchini sasa ni kwamba rangi isizidi sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja, kiwango kilekile kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa. Lakini viwango ni karatasi, na mkebe ni mkebe. Shirika la iLima liliponunua rangi za mafuta madukani humu nchini na kuzipeleka maabara mnamo 2017, lilipata kadhaa zilizopita kiwango hicho kwa mbali. Nyumba zilizopakwa miaka hiyo, na ile iliyotangulia, bado zimesimama na watu wanalala ndani.

Sasa nirudi kwa binti yangu na manjano yake, kwa maana hapa ndipo rangi ya macho na rangi ya mkebe zinapokutana.

Risasi haikutiwa katika rangi kwa bahati mbaya. Ilitiwa kwa sababu inafanya kazi nzuri: huifanya rangi iwake, ishike, ikauke upesi na isikwajuke juani. Ile poda ya risasi inayotoa manjano ya kuvutia hutumika pia kutoa rangi ya machungwa, na ikichanganywa na samawati hutoa kijani kibichi. Kwa hiyo katika vipimo vya nchi nyingi, manjano hutokea kileleni, ikifuatwa na nyekundu, machungwa na kijani. Nyeupe za siku hizi kwa kawaida hutengenezwa kwa poda ya titani na si risasi kama zamani. Tena, tatizo huwa zaidi katika rangi za mafuta kuliko rangi za maji, kwa sababu watengenezaji wa rangi za maji kwa kawaida hawana haja ya kutia risasi.

Kinaya ni kwamba rangi hizo hizo kali ndizo tunazowachagulia watoto. Pita nje ya shule yoyote ya chekechea katika mitaa yetu, Langas, Huruma au Kimumu, utaona lango jekundu, bembea ya manjano, ukuta wenye simba wa rangi ya machungwa akicheka na twiga wa kijani. Watu wazima tunajipakia malai na kijivu vyumbani mwetu, halafu rangi zenye shaka tunawapelekea wale ambao hawajui kunawa mikono. Sisemi kila lango la shule lina sumu. Nasema mwenye shule ana wajibu wa kuuliza kabla ya kununua, na idara ya afya ya kaunti, ambayo ndiyo imekabidhiwa mambo haya tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, ingefanya vyema kupima bembea jinsi inavyokagua vyoo na jikoni.

Basi mtu anunue nini? Kwa kuta za ndani, rangi ya maji, hasa zile za kuoshwa ambazo hazibanduki zikipanguswa. Kwa madirisha na milango, ambako rangi ya mafuta haiepukiki, asome mkebe. Anatafuta alama ya ubora ya shirika la viwango la KEBS, jina la mtengenezaji na mahali alipo, na maandishi yanayosema kwamba haina risasi. Rangi ya kupimiwa kutoka mtungi mkubwa, isiyo na jina wala tarehe, aiache hata kama ni nusu bei. Maandishi peke yake hayathibitishi kila kitu, nakubali, lakini mtu aliyeandika jina lake kwenye mkebe ana cha kupoteza.

Sasa tuseme mkebe ni safi. Je, macho nayo hayana haki yao? Yanayo, na mjini kwetu haki hiyo ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Eldoret ipo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Mvua ikianza mwezi wa Aprili, tunajua wenyewe hali inavyokuwa hadi Agosti: asubuhi ya ukungu, mchana wa mawingu, jioni ya kukimbilia makoti. Madirisha hufungwa. Jiko la makaa huingizwa ndani, jambo ambalo nimelikemea katika ukurasa huu mara nyingi na nitaendelea kulikemea. Katika nyumba ya namna hiyo, ukuta ndio taa ya pili. Ukuta mweupe au wa malai hurudisha zaidi ya robo tatu ya mwanga unaoupiga. Ukuta wa damu ya mzee au wa ugoro humeza karibu wote.

Lakini nenda katika vyumba vyetu vya kupanga utazame. Nusu ya chini ya ukuta imepakwa damu ya mzee, wakati mwingine kijani cha chupa, na sababu inayotolewa na mwenye nyumba ni ileile kutoka Munyaka hadi Maili Nne: "Hii haionyeshi uchafu." Hapa nitasema jambo ambalo wenye nyumba hawatalipenda. Rangi inayoficha uchafu haipunguzi uchafu hata chembe. Masizi ya jiko yapo, mafuta ya vidole yapo, na ule ukungu mweusi unaoota pembeni kwa sababu ya unyevu upo, ila mpangaji hauoni hadi kifua cha mtoto kianze kukoroma usiku. Nimeketi na akina mama wengi wenye watoto wa pumu, na wengi wao wananiambia nyumba ni safi. Wakisogeza kabati wanashtuka. Ukuta wa rangi nyepesi ni mchongezi, na mchongezi wa aina hiyo mimi namtaka nyumbani kwangu.

Wala usifikiri kwamba ukungu huo unatibiwa kwa rangi. Fundi akikwambia atapaka mkono mmoja juu yake na hautarudi, mwambie arudi mwenyewe baada ya mvua. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi: bati limetoboka, mfereji wa paa umeziba, bomba linavuja ndani ya ukuta, au ni mvuke wa jikoni usio na pa kutokea. Hilo likishatengenezwa, ukuta usuguliwe, ukauke kabisa, ndipo upakwe. Kwa asiye na fedha nyingi, chokaa ya kawaida bado ni rafiki mwema. Ni nafuu, hung'arisha chumba, na ukali wake huzuia ukungu kuota upesi. Nyumba za mawe za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa zilipakwa chokaa vizazi na vizazi kabla ya mkebe wa kwanza wa rangi ya kiwandani kushushwa bandarini. Ubaya wake ni kwamba huacha weupe kwenye nguo ukiuegemea, na ukiikoroga uyalinde macho yako.

Wazee nao wasisahauliwe. Jicho la miaka sabini linahitaji mwanga mwingi kuliko la kijana, na halitofautishi vyema vitu vya rangi zinazokaribiana. Ngazi ya kijivu juu ya sakafu ya kijivu ni mtego. Mstari wa rangi tofauti katika ukingo wa kila ngazi, na mlango wa choo usiofanana na ukuta, hugharimu kidogo sana ukilinganisha na nyonga iliyovunjika.

Kuna madai mengine kuhusu rangi ambayo binti yangu alinisomea kutoka gazeti la urembo: eti nyekundu huchochea hasira, samawati huleta usingizi, kijani hutuliza moyo. Mimi huyapokea haya kwa tahadhari. Mwaka 1979 gereza moja la wanamaji mjini Seattle, Marekani, lilipaka seli zake waridi kwa kuamini kwamba rangi hiyo huwapoza wafungwa wakorofi, na magereza mengine yakaiga. Wachunguzi walipoirudia majaribio kwa utaratibu mkali zaidi, wakachapisha matokeo yao mwaka 2014, hawakuona upoaji wowote. Kijani cha vyumba vya upasuaji kina msingi bora kidogo. Kilianzishwa na daktari mmoja wa San Francisco mnamo 1914 kwa sababu ya kawaida kabisa: weupe wa kuta na mashuka ulikuwa ukimwumiza macho kila alipoyainua kutoka kwenye damu. Kwa hivyo, kama unapenda samawati chumbani mwako, ipake kwa sababu unaipenda. Usingizi utautafuta kwa njia nyingine, na kuizima simu ni mojawapo.

Lipo hata hivyo jambo moja la hakika kuhusu manjano na mtoto mchanga, na hili ndilo lililomgeuza binti yangu baada ya mimi kushindwa kwa hoja ya risasi. Zaidi ya nusu ya watoto waliozaliwa kwa wakati hupata umanjano katika siku za kwanza. Wengi hupona wenyewe. Wachache huzidiwa, na ikichelewa kugunduliwa huharibu ubongo. Kwa mtoto mweusi ngozi huficha umanjano huo, ndiyo maana mama huambiwa atazame weupe wa macho na ufizi, tena mchana, karibu na dirisha. Katika chumba chenye kuta za manjano, mwanga wote unaomrudia mtoto ni wa manjano. Mwenye afya ataonekana mgonjwa, na mgonjwa ataonekana kama ukuta tu. Wanaoshughulika na wodi za watoto wachanga huepuka kuta za rangi hiyo kwa sababu hii.

Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi, Baba, hilo ungelisema tukiwa dukani."

Tulinunua malai ya maji, yenye jina na alama. Kazi kubwa ilikuwa dirisha. Ni dirisha la chuma la miaka mingi, limepakwa kijani, juu yake nyeupe, juu yake kijani tena, na katika pembe rangi ilikuwa imeanza kujikunja. Fundi alikwisha kutoa msasa mkavu na tayari alikuwa ameanza kusugua, mdomo wazi, akipiga mluzi. Nilimsimamisha. Ukisugua rangi ya zamani ikiwa kavu, au ukiichoma kwa moto ili ilegee, unaigeuza kuwa vumbi na moshi, na kama ina risasi umeisambaza nyumba nzima katika alasiri moja. Ikiwa imeshika vizuri, ni heri uiache na upake juu yake. Ikiwa inabanduka, loanisha kwanza, sugua ikiwa mbichi, tandaza plastiki chini, okota vipande vyote, kisha upanguse sakafu kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Usifagie. Mama mjamzito na watoto wasiwepo kabisa.

Fundi alinitazama kama mtu aliyeambiwa aoshe mvua. "Mzee, nimefanya kazi hii miaka kumi na minane."

"Ndiyo sababu nakuambia," nikamjibu. "Wewe una watoto?"

Ana wanne. Jioni huwa wanamkimbilia langoni, na mdogo humrukia shingoni kabla hajavua ovaroli. Hakuna aliyewahi kumwambia avue nguo za kazi na kunawa kwanza. Wale mafundi walioandikiwa mkataba mwaka 1921 walikuwa ni watu kama yeye, na zaidi ya miaka mia baadaye habari ilikuwa haijamfikia. Alichota ndoo ya maji. Kazi iliyokuwa ya saa mbili ilichukua siku nzima, nikamlipa siku nzima, na binti yangu alilala kwetu siku mbili.

Chumba sasa ni cheupe-cheupe, na hata siku ya mawingu unaweza kusoma gazeti ndani bila kuwasha taa. Manjano yalipata mahali pake: mke wangu anafuma blanketi, na rangi yake nadhani itaonekana hadi Iten.

Juzi nilirudi katika duka lile kununua misumari. Kijana aliniona kutoka mbali akaita, "Mzee wa risasi!" Watu wakacheka tena. Kisha akanivuta kando akanionyesha rafu ya juu. Alikuwa ameigeuza mikebe yote ili maandishi yatazame nje, akaisoma mmoja mmoja. Mikebe saba, ya manjano na nyekundu, haikuwa na maandishi yoyote zaidi ya jina la rangi yenyewe. Aliniuliza afanye nini nayo. Nikamwambia airudishe kwa aliyemletea.

Alisema huyo huja na pikapu mwisho wa mwezi, hulipwa taslimu, na hajawahi kumwachia risiti.